Zamu ya Marehemu Inshirah

Alhamisi baada ya alasiri Shehata alikwenda makaburini na mikate ya rehema, sadaka ya marehemu, kama wafiwa wote wa kijiji. Mikate ya wenzake ilikuwa mikavu. Ya kwake aliilowesha chai ndani ya bakuli, maana mkewe Inshirah alikufa hawezi kutafuna.

Inshirah alikuwa amekaa juu ya kaburi lake, anakung'uta vumbi kwenye gauni.

"Mume wangu, uji huu mpaka lini?" alisema. "Taya nimerudishiwa tangu wiki ya kwanza. Nipe kitu cha kuvunja."

Shehata akaomba mkate mmoja mkavu kwa watu wa kaburi la jirani. Inshirah akautafuna kwa kelele, huku akiuliza habari za nyumbani.

"Tafida anachomwa sindano ya mifupa Jumamosi," Shehata alisema. Tafida ni dada yake Shehata. "Wamempima, mifupa imekuwa myepesi kama mabua."

"Na meno yake?"

"Kuna gego limeoza. Shavu limevimba."

Inshirah akaacha kutafuna. Sindano ile, ya mara moja kwa mwaka, ilimfaa yeye mwenyewe. Alianguka mara mbili na nyonga haikuvunjika. Ila hakuna aliyemuuliza habari za meno. Mwaka wa tatu wa sindano jino likamuuma, likang'olewa, na shimo likakataa kufunga, maana dawa ile huzuia mfupa wa taya kupona. Mfupa wa taya ukabaki wazi, ukaoza vipande vipande, mwisho usaha ukaingia kwenye damu. Kwenye kituo cha afya, chumba cha sindano na chumba cha meno vinatazamana, hatua sita tu. Shehata alizihesabu baada ya mazishi. Wakubwa wa afya wanasafiri kwenda mikutano kwa ndege, lakini hatua sita ziliwashinda.

"Jumamosi nakuja," Inshirah alisema.

Jumamosi Shehata na Tafida walimkuta kwenye benchi la kituo cha afya, katikati ya wanawake wawili waliokuwa wamemsogelea ili wapate baridi yake. Alimfungua Tafida mdomo kwa vidole viwili.

"Wifi, hili ling'olewe kwanza. Kidonda kipone, ndipo uchomwe."

"Na zamu yangu? Nikiikosa ni mpaka mwakani. Nitavunjika kwa kukohoa tu!"

"Wewe uliyekuwa unavunja watu kwa maneno, leo unaogopa kikohozi?"

Benchi zima likacheka, Tafida naye, ameshika shavu.

Shehata akaenda dirishani kwa karani Wagdi. Wagdi akafungua daftari.

"Siahirishi, haji. Hakuna nafasi." Kidole kikateremka kwenye majina. "Ila mkeo ana zamu baada ya miezi mitatu."

"Mke wangu mlimzika nyinyi, ustaadhi."

"Cheti hakijanifikia. Kwangu mimi yu hai. Akitaka kumwachia wifi yake, aje mwenyewe aweke dole gumba."

Inshirah akaja akaweka. Wagdi akaitazama karatasi, akanung'unika.

"Hajati, hapa hapana wino. Ni vumbi tupu."

"Linasomeka?"

"Linasomeka." Akapiga mhuri.

Tafida akavuka hadi chumba cha pili, gego likang'olewa. Miezi mitatu ilipotimia ufizi ulikuwa umefunga vizuri, mwekundu kama wa mtoto. Akachomwa kwa zamu ya Inshirah, akarudi nyumbani akifoka njia nzima juu ya bei ya vitunguu, na Shehata, aliyezoea kumwambia anyamaze, hakumwambia.

Shehata kuandika hakujui sana, kwa hiyo alimwomba mwalimu amwandikie wakubwa barua: waongeze swali moja tu kwenye fomu, la meno. Fomu mpya zikaja, za karatasi nzuri. Swali la meno halikuwemo. Nafasi ya mhuri ilikuwa imepanuliwa.

Basi Inshirah huja kila Jumamosi. Wagdi amempatia kiti cha peke yake, kwa sababu wafagizi walilalamika juu ya vumbi analoacha kwenye benchi. Juzi alikuja mwanamke wa kijiji cha pili, amefunga shavu kwa kitambaa.

"Dada, hebu fungua mdomo," Inshirah alimwambia. Akachungulia, akamwonyesha mlango wa meno.

"Nikitoka hapa foleni itanipita," mwanamke alisema. "Nimeamka alfajiri."

Shehata akainuka, akasimama mahali pa yule mwanamke kwenye foleni, mwanamume peke yake katikati ya wanawake.

"Nenda, mama," alisema. "Hapa nipo mimi."