Bibi Prunela Akataa Kufa

Kifuniko cha birika kiligongagonga kabla ya alfajiri. Kila Jumanne, siku ya kurekodi, mimi huchemsha maji mapema nilainishe koo, maana kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye sauti ya Bibi Prunela, katika katuni inayotengenezwa mji jirani wa Burbank.

Prunela ameliwa na mamba, amekanyagwa na treni. Wiki inayofuata yuko jikoni anakaanga mayai, hana hata mkwaruzo, wala hakuna anayemuuliza. Kila kipindi kinaanza upya, kama shuka iliyofuliwa.

Asubuhi hiyo nilipofika studioni, Wendell, fundi wa sauti, alikuwa ameshaniandikia maneno yangu kwa herufi kubwa. Shule niliiacha mapema na kusoma kunanipa taabu, naye hajawahi kumwambia mtu.

Akaingia Corwin, mwandishi mkuu mpya, kofia ya sufu kichwani na nje joto linachoma.

"Bibi Araxie, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Siku hizi watu wanataka hadithi inayoendelea. Likitokea jambo, limetokea. Kwa hiyo kipindi cha tatu cha msimu mpya Prunela anakufa."

"Mamba tena?"

"Moyo. Anakufa kweli. Halafu familia inaomboleza vipindi saba."

"Kwenye vichekesho?"

"Ndiko kukomaa huko, Bibi."

Wendell akacheka. "Huyo baba wa kwenye katuni anavaa suruali kichwani tangu mwaka wa kwanza. Leo ndiyo akomae?"

Mbele ya maikrofoni nilikufa vizuri, Corwin akanisifu, hata mimi nilijisifu. Machozi yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya Prunela. Mimi ni mjane, watoto wako mbali. Bila Jumanne nabaki kuongea na birika.

Kuchora vipindi hivyo kulichukua karibu mwaka. Kila Jumanne Wendell alinipigia, eti anajaribu simu yake.

Basi katuni ikaanza kuonyeshwa. Kituo cha televisheni kilizoea kuchota vipindi vyetu kama karanga mfukoni, chochote kitakachoshikwa, na kati ya mabingwa wote wa hadithi inayoendelea hakuna aliyekumbuka kuwaambia kwamba sasa vina mpangilio. Jumapili ya kwanza wakaonyesha mazishi. Ya pili, Prunela huyo, anakaanga mayai. Ya tatu wajukuu wanalia kaburini. Ya nne Prunela anacheza dansi na mchungaji aliyemzika.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Gazeti moja likaandika kwamba Corwin amekidhihaki kifo kwa ustadi usio na mfano. Corwin hakulikanusha.

Wiki hiyo akabisha hodi kwangu Glendale, kofia mkononi, na keki kwenye boksi. Nikammiminia kahawa katika kikombe kisicho na ufa.

"Wakubwa wanataka ufe tena," akasema.

"Mara ngapi?"

"Kila wiki. Na kila wiki urudi."

"Na kukomaa?"

"Usinitanie, Bibi."

Akatoa karatasi za Jumanne. Herufi zilikuwa kubwa kama vijiko.

"Wendell amekuambia?"

"Hapana. Siku uliyokufa niliona karatasi yako." Akainama. "Nilikuua ukiwa unalia kweli, nami nikakusifu kwa kuigiza. Nisamehe."

Nikamkatia kipande kingine cha keki, ingawa hakuwa amekimaliza cha kwanza. Mlangoni nikamwambia, "Keki yako kavu, mwanangu. Lakini njoo tena unitembelee. Si lazima nife kwanza."