Mwenza wa Samaki Mwekundu

Bwana Milimita hakuwa mtu wa samaki, na hilo tuliweke wazi mapema asije akapewa sifa asizostahili. Alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alibandikwa na wateja wake, kwa sababu suruali ingeweza kukukaa mpaka majirani wakakuonea kijicho, na yeye bado angepiga magoti mbele yako, pini mdomoni, akinung'unika kwamba pindo la kushoto limeshuka. Watu walimcheka, lakini walirudi.

Samaki alikuwa wa mkewe. Mmoja tu, mwekundu, mwenye mapezi marefu yanayoburuta kama gauni la bibi harusi, ndani ya tangi dogo la kioo lenye kijumba cha udongo cha mlango wa bluu, juu ya kabati la chumbani. Mke ndiye aliyemlisha, akamsafishia, akamsemesha. Fundi alipita hapo asubuhi kuchukua soksi, na habari za samaki kwake zikaishia hapo. Kilichomkera kilikuwa chakula. Kila wiki mkewe alivaa viatu, akaenda kwa muuza samaki, akarudi na kipakiti cha chakula kadiri ya kijiko. Fundi, ambaye uzi hununua kwa boksi, alishindwa kabisa kumwelewa.

"Mke wangu, si ununue kopo kubwa upumzike? Kila siku wewe kiguu na njia!"

"Likikaa linaharibika," mkewe alijibu huku akitafuta mkoba.

"Chakula kikavu vile kitaharibika nini?"

"Haya, bwana. Wewe shona."

Naye akashona.

Sasa mke hayupo. Aliugua muda mfupi, akafariki. Watu walikuja, wakakaa, wakalia, wakaondoka. Binti yao anayeishi mbali alibaki kidogo, akafua mashuka na kugawa nguo za mama yake, kisha naye akarudi kwa wanawe. Nyumba ikabaki na fundi, cherehani na samaki. Jamani, kuna ukimya na ukimya! Ule wa zamani, mke akiwa chumba cha pili, fundi alishonea ndani yake miaka nenda miaka rudi bila kuusikia. Huu mpya ulimkaba roho. Akiacha tu kukanyaga cherehani, unamrukia. Alifika mahali akawa anashona foronya ambazo hakuna aliyeziagiza, ilimradi mashine ilie.

Ndipo alipolihamisha tangi kutoka chumbani, akaliweka juu ya meza ya kukatia, karibu na mkono wake. Akamlisha samaki asubuhi, mchana na jioni. "Kula basi, mzee mwenzangu," alimwambia. Lakini samaki hakuchangamka. Alijibanza nyuma ya mmea wa plastiki, rangi imempauka, mapezi yamemgandama mwilini. Chakula kilizama mbele ya macho yake wala hakugeuka.

"Baba, mpe mtu huyo samaki," binti alimwambia kwenye simu. "Wewe mwenyewe sijui kama umekula."

"Nimpe nani? Huyu ndiye kitu pekee cha mama yako kinachopumua humu ndani. Akinifia mikononi nitamwambia nini?"

Binti akamuaga taratibu, maana wa kuambiwa hayupo.

Fundi akakata shauri. Samaki yule alikuwa na upweke, na dawa ya upweke ni mwenza. Mimi na wewe tunajua fika ni nani aliyekuwa na upweke katika nyumba ile, lakini fundi hakutuomba ushauri.

Duka la muuza samaki lilikuwa jembamba, matangi yamepangwa kuta zote mbili, pampu za hewa zikinguruma taratibu. Mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye aproni ya plastiki na mikono isiyokauka. Pembeni ya meza yake palikuwa na kigoda cha plastiki, kitupu.

"Nataka mwenza wa samaki," fundi alisema. "Wangu ni mwekundu, mapezi marefu."

"Ala! Huyo ni mpiganaji, na kama mapezi ni marefu basi ni dume. Tangi lako lina ukubwa gani, mzee?"

Fundi alikuwa amelipima kwa futi yake ya kamba kabla ya kutoka nyumbani. Akataja urefu, upana na kina, na milimita za kokoto akazitoa. Muuza samaki akacheka mpaka aproni ikatikisika.

"Hilo ni tangi la mtu mmoja, mzee wangu. Mwache alivyo."

"Hakuna anayependa kukaa peke yake."

"Watu, sawa. Mimi nasema samaki."

Lakini fundi alikuwa ameshaanza kutembea baina ya matangi, mikono nyuma, kama anayechagua kitambaa. Aliwanyooshea kidole wale wadogo wenye mstari wa bluu. Muuza samaki akamwambia hao hawakai wawili watatu, wanataka kundi, na kundi linataka nafasi. Fundi akamwonyesha yule wa dhahabu. Huyo anakua kupita tangi lenyewe, tena anapenda maji ya baridi na mpiganaji anataka ya vuguvugu. Wenye sharubu wanaotambaa chini ni wapole, ila nao ni watu wa kundi. Wenye milia, thubutu! Hao wana tabia ya kuchuna mapezi ya wenzao.

"Watamfumua wako mpaka abaki mgongo mtupu," alisema.

Basi fundi akafika kwenye tangi la mwisho, akasimama. Akatoa mfukoni kipande cha satini nyekundu. Alikuwa amekikata asubuhi ile baada ya kukilinganisha na samaki wake dirishani, penye mwanga, kama anavyofanya mteja akimletea koti la kutafutia bitana. Akakiweka kwenye kioo. Ndani alikuwapo samaki mdogo mwenye mkia mrefu wa kupepea, na rangi yake ilikuwa ile ile.

"Huyu," fundi alisema. "Usinionyeshe mwingine."

"Toba! Mzee, huyo ndiye asiyefaa kuliko wote. Wako akiona mkia mrefu na wekundu kama wake, anajua ni dume mwenzake kaja kumnyang'anya nyumba. Kama lazima awe na mwenza, awe asiyefanana naye hata kidogo."

"Ndugu yangu, mimi kuoanisha ndiyo kazi yangu. Bitana na kitambaa, uzi na kifungo. Kinachofanana ndicho kinachokaa. Nifungie."

"Na maji ya tangi unayaangalia lakini?"

"Maji yapo."

Muuza samaki akashusha pumzi. Kichwa kigumu kama kile alikuwa hajakutana nacho siku nyingi. Akamtia samaki kwenye mfuko wa maji, akamsihi, "Wakigombana tu, mtoe upesi uniletee."

"Hawatagombana. Niongezee na kopo la chakula, lile kubwa kabisa. Nimechoka na vipakiti."

Nyumbani, fundi alimmimina mgeni ndani ya tangi, akavuta kiti. Na kweli, samaki wa mkewe akatoka nyuma ya mmea! Akanyanyua mapezi yote, akayatandaza, rangi ikamrudi hadi kwenye ncha, akawa anazunguka kwa madaha. Fundi akapiga makofi. Ilikuwa furaha yake ya kwanza tangu msiba, na ilimpanda ghafla mpaka kichwani.

"Njoo uone!" aliita, amegeukia mlango wa chumbani. "Mama, njoo uone huku!"

Mlango ulikuwa wazi na kitanda kimetandikwa. Fundi alibaki ameushika mgongo wa kiti, mdomo wazi, sauti yake mwenyewe ikimrudia masikioni. Alitamani ardhi immeze. Alipogeuka tena kwenye tangi, mapezi yale yaliyotandazwa yalikuwa juu ya mgeni, na vipande vya mkia mwekundu vinaelea.

Alikimbia jikoni akaja na kichungio cha chai, akamwopoa mgeni, akamtia kwenye jagi. Mkia umechanika nyuzi nyuzi kama ukingo wa kitambaa kisichopindwa. Samaki wa mkewe naye alishuka mpaka kwenye kokoto, akalala ubavu, anahema.

Kulipokucha fundi alikuwa mlangoni pa duka kabla halijafunguliwa, jagi limefunikwa kwa ile satini. Muuza samaki hakumcheka wala hakusema nilikwambia. Alimtia majeruhi kwenye tangi la peke yake.

"Mkia utaota. Na wako je?"

"Yuko chini, anahema tu. Nisaidie, ndugu yangu. Huyu samaki asife. Nakuomba asife."

"Maji ulibadilisha lini?"

"Yanabadilishwa?"

"Na chakula?"

"Asubuhi, mchana, jioni. Simnyimi."

Muuza samaki akajifuta uso kwa mkono uliolowa. "Mzee, wako hakukosa mwenza. Kakosa maji safi. Hicho chakula chote kinaozea chini, anaogelea kwenye uchafu. Kila aliyenunua kwangu namweleza. Ulimnunua wapi?"

"Sikununua mimi, ni mke wangu. Tangi lina kijumba cha udongo, mlango wake wa bluu."

"Mlango wa bluu!" Uso wa muuza samaki ukachanua. "Kumbe wewe ndiye mume wa Mama Kidogo!"

"Mama nani?"

"Samahani, mzee, ni utani wetu wa hapa. Kila wiki kipakiti kimoja, kile kidogo. Nikimwambia, mama, chukua kopo, lina nafuu, ananijibu, nikichukua kopo nitakuja huku kufanya nini? Basi anakaa kwenye kigoda hicho, tunapiga soga weee, wateja wanaingia na kutoka. Simwoni siku hizi. Hajambo?"

Fundi alikitazama kigoda. "Amefariki," alisema.

Pampu ziliendelea kunguruma. Muuza samaki alisema pole, akasema tena pole, kisha akakosa pa kuweka mikono yake.

"Mlikuwa mkizungumza nini?" fundi aliuliza.

"Ah, mambo ya kawaida. Mvua. Binti yenu. Na wewe pia, alikusifia sana, kwamba hakuna anayeshona kama wewe." Akasita kidogo. "Siku ya kwanza nilitaka kumuuzia wale wa mstari wa bluu na tangi kubwa. Akakataa. Akasema, nipe anayejua kukaa peke yake. Nikamuuliza kwa nini. Akacheka, akasema, huenda atanifundisha."

Fundi aliinamisha kichwa. Ilimuuma, ilimuuma hasa, na hakuweza kuificha. Yeye aliyeweza kuona bega la mteja lililoshuka hata kabla hajavua koti, alimwona mkewe akivaa viatu kila wiki na kitu alichokiona ni udogo wa kipakiti. Machozi yakamtoka mbele ya mtu asiyemjua, akayafuta kwa satini nyekundu, maana ndiyo iliyokuwa mkononi.

Muuza samaki alijikaza kutafuta la kumfariji. "Mzee, ukitaka sana mwenza, kuna konokono. Huyo hana ugomvi. Watakaa tangi moja, kila mmoja na lake, hata salamu hawapeani."

"Hapana," fundi alisema. "Nyumba ya namna hiyo naijua."

Akaelezwa namna ya kupunguza maji na kuongeza yaliyolala kwenye ndoo, na chakula kiwe punje chache tu mara moja kwa siku. Akarudi nyumbani akafanya vile vile alivyoambiwa. Tangi akalirudisha chumbani, juu ya kabati, akawa anakaa kitandani upande wa mkewe, anamtazama samaki akihema. Kazi za watu zilichelewa, wateja wakaja juu, na kwa mara ya kwanza Bwana Milimita hakujali.

Samaki akapona. Siku moja alinyanyuka kutoka kwenye kokoto, kesho yake akala, halafu rangi ikaanza kumrudi. Akawa anaingia na kutoka kwenye kijumba chake chenye mlango wa bluu, mapezi yanaburuta, hana habari na mtu. Fundi alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akakaa pale akielewa kwamba yule samaki hana shida yoyote na kukaa peke yake, ila yeye fundi anayo, tena kubwa.

Wiki ilipokwisha, aliacha suti ya mteja chini ya sindano, akavaa viatu.

"Ehe, mgonjwa vipi?" muuza samaki alimuuliza.

"Mzima. Nimekuja kuchukua chakula chake."

"Chakula? Si juzi tu ulichukua lile kopo kubwa?"

Lile kopo lilikuwa nyumbani kabatini, halijapungua hata robo.

"Nipe kipakiti," fundi alisema. "Kile kidogo."

Muuza samaki alimtazama. Alikausha mikono yake kwenye aproni, akakipangusa kigoda, akakisogeza karibu na meza.

"Kaa basi, mzee wangu," alisema. "Za huko nyumbani?"