Mhuri Juu ya Saksafoni

1.

Gitaa la kati linaingia. Besi inafuata. Mwimbaji anamaliza ubeti wa mwisho, anavuta pumzi, kisha anaita: "Tarsisi Haule! Tarsisi, wape!" Na Tarsisi, kabla hajatia saksafoni mdomoni, anamjibu. Anasema

HII NI MALI YA ADELHELM NDUNGURU, SONGEA! UKINAKILI, SEMA UMEIPATA WAPI!

kisha saksafoni inalia.

2.

Usinilaumu mimi, msomaji. Ndivyo ilivyo kwenye kanda, na ndivyo ilivyo kwenye kila simu na kila redio kuanzia Songea mpaka Kigoma. Wimbo unaitwa "Nauli ya Nyasa", wa Lizombe Jazz, bendi iliyokwisha kufa. Hiyo sauti inayobweka ni ya mzee Adelhelm, bwana mifugo mstaafu, enzi za ujana wake, ana maikrofoni mpya na kichwa kimemvimba. Santuri ya wimbo huo alibaki nayo yeye peke yake. Watu walikuja kunakili, halafu wakaenda kutamba vilabuni kwamba ni yao. Basi akaihamishia kwenye kaseti mwenyewe, na pale penye utamu akapiga mhuri wa sauti. Akili hiyo! Amejisifu nayo miaka nenda, miaka rudi.

Sasa inamtokea puani.

3.

Ujumbe wa sauti kutoka Mbinga:

"Shikamoo, baba. Naitwa Otilia, binti wa marehemu Tarsisi Haule, yule aliyekuwa anapuliza saksafoni Lizombe. Namba yako nimepewa na wenzako wa jazi. Baba, mimi nimezaliwa yeye keshakufa. Lori la bendi lilipinduka, mama ana mimba yangu. Picha yake ninayo. Sauti ndiyo sina. Nimeambiwa kuna wimbo anaitwa jina, naye anaitika kwa mdomo wake mwenyewe. Wimbo wote sitaki, baba, nisikusumbue. Nataka hapo tu anapoitika. Jumamosi nakuja Songea kwenye harusi, nitapita kwako. Ahsante, baba. Ahsante sana."

4.

Kundi la simu la Wapenzi wa Jazi Asilia, asubuhi hiyo:

ADELHELM (Mwenyekiti): Ndugu zangu, nani ana "Nauli ya Nyasa" safi? Isiyo na mhuri.

SHEBUGHE, KOROGWE: Mhuri wa nani, mzee?

MAKWAIA, TABORA: Makubwa! Mwenye mali anaulizia mali yake.

ADELHELM: Sina mzaha leo. Binti wa Tarsisi anataka kumsikia baba yake anavyoitika.

SHEBUGHE: Anasema "Nipo." Hilo kila mtu analijua.

MAKWAIA: Nani kakudanganya? Pale anacheka tu. Mjomba wangu alikuwepo studio siku wanarekodi.

SHEBUGHE: Mjomba wako alikuwa nje anauza karanga.

MAKWAIA: Na hizo karanga ndizo zilizowapa pumzi! Muulize yeyote. Tarsisi bila karanga hapulizi.

SHEBUGHE: Mzee, safi ninayo mimi. Lakini mkono mtupu haulambwi.

5.

KANUNI YA TATU YA KUNDI
(Imependekezwa na Mwenyekiti, ndugu A. Ndunguru. Imepitishwa kwa kauli moja.)

Mwanachama haruhusiwi kusambaza rekodi adimu bila kuitia mhuri wa sauti. Mhuri uwekwe mahali ambapo hauwezi kukatwa bila kuharibu wimbo. Atakayekiuka kanuni hii ataondolewa kundini bila kusikilizwa.

Bila

kusikilizwa.

6.

Shebughe alitaka santuri mbili za mwisho za Lizombe, zile zenye nyimbo nyingine, ambazo Adelhelm hakuwahi hata kumwazima padri. Alizifunga kwa gazeti taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto nguo za shule, ili azipeleke stendi. Mama Fridolini, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni.

"Hizo si ndizo ulizokataa kuziuza hata paa lilipovuja?"

"Mama Fridolini, hebu nyamaza kidogo."

"Leo wewe ndiye wa kumwambia mtu anyamaze?"

Santuri zilipofika Korogwe, rekodi ikatua kwenye simu. Adelhelm akaketi, akavua miwani, akakaza sikio. Gitaa. Besi. Pumzi. "Tarsisi, wape!"

HII NI MALI YA ADELHELM NDUNGURU, SONGEA!

Akatukana kwa Kingoni, tusi ambalo hakuwa amelitumia tangu fahali wa Peramiho alipomkanyaga mguu.

7.

Makwaia alitaka picha ya bendi, ile ambayo Tarsisi amekaa juu ya boneti ya lori. Akapewa. Rekodi ya Makwaia ikaja:

hii ni mali ya adelhelm ndung

MAKWAIA HAPA! TABORA! MZIGO WA MAKWAIA HUU!

8.

Nakala ya tatu, kutoka Kigoma. Mihuri mitatu. Saksafoni yenyewe haisikiki tena.

9.

Adelhelm alikasirika mpaka chakula hakikupita. Aliwakasirikia Shebughe kwa ulaghai, Makwaia kwa makelele, na yule wa Kigoma ambaye hata jina lake hakulijua. Wote wezi! Alikuwa amewaambia waseme wameipata wapi, na hakuna hata mmoja aliyesema. Alizunguka sebuleni na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, akihesabu maadui.

Mmoja alimruka katika hesabu.

10.

Mimi ni kaseti. Niko kwenye kabati la vyombo, nyuma ya birika la wageni. Ngoja niseme, maana hakuna wa kunifunika humu.

Ni kweli alinipigia mhuri kwa ajili ya wezi. Lakini usiku ule ule alinirudisha nyuma ajisikie. Akacheka. Akanirudisha tena. Akamwita mkewe: "Njoo usikie, niko ndani ya Lizombe!" Kuanzia hapo akawa ananipiga mimi, santuri haigusi. Kwa nini aiguse? Kwenye santuri yeye hayumo. Ikakaa dirishani na jua la mchana likaipinda kama chapati, na aliposhtuka sindano haikuweza tena kupita juu yake.

Mengine muulize mwenyewe, kama atakubali kuyase

11.

Jumamosi.

Otilia alikuja na kitenge cha harusi, na picha ndani ya bahasha. Mwanamke wa makamo, mwenye paji pana la baba yake. Alipewa chai, akaulizwa habari za Mbinga, akajibu zote kwa adabu. Adelhelm alirefusha maongezi kadiri alivyoweza. Akasimulia habari za karanga. Akasimulia jinsi Tarsisi alivyowahi kupuliza mvua inanyesha mpaka watu wakasahau kujikinga. Otilia alisikiliza huku akitabasamu, kisha akasema:

"Baba, naomba basi nimsikie."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Akaiweka kaseti.

Gitaa. Besi. Pumzi. "Tarsisi Haule! Tarsisi, wape!"

Otilia alifumba macho. Akayafumbua.

"Huyo ni nani?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Naomba rudisha."

Akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya mwisho Otilia aliinama mpaka sikio likagusa spika, kama mtu anayesikiliza mlango wa chumba cha mgonjwa. Adelhelm alijisikia akibweka, kijana yule, mjinga yule, na kwa mara ya kwanza maishani alimchukia.

"Hakuna nyingine?"

"Nimetafuta nchi nzima. Zote zimezaliwa na hii."

Otilia alifuta machozi kwa pindo la kitenge, bila kujificha. Halafu akainua uso, na uso ule ulikuwa na matumaini, jambo lililomtisha mzee kuliko machozi.

"Lakini wewe ulikuwa na santuri. Wewe ulimsikia kabla hujamfunika."

"Nilimsikia."

"Basi inatosha. Niambie wewe. Alisema nini?"

12.

Nipo.

Kicheko.

Twende.

Jina la mama yake Otilia?

Adelhelm aliingia ndani ya kichwa chake, akapekua. Gitaa lilikuwepo. Besi ilikuwepo. Pumzi ya mwimbaji ilikuwepo, hata mkwaruzo mdogo wa sindano. Kisha

HII NI MALI YA

Akarudi mwanzo. Gitaa. Besi. Pumzi.

HII NI

13.

Jikoni Mama Fridolini ameacha kuchambua mchele. Adelhelm angeweza kusema lolote, na binti huyu wa Tarsisi angelibeba mpaka Mbinga na kuwarithisha wajukuu. Angeweza kusema kweli pia. Otilia amesogeza kiti karibu. Ameweka simu mezani, juu ya bahasha ya picha, na kioo chake kinaonyesha mstari mwembamba unaosubiri sauti.

"Sema, baba," alimwambia kwa upole. "Narekodi."

Adelhelm Ndunguru akavuta pumzi. Akasema