Faili la Kifungua Mimba

Aneth, fundi wa kompyuta, aliingia kwa meneja Raymond bila hata shikamoo, na hasira yake ilikuwa kali kiasi kwamba kuku wa Mwankoko nzima waliacha kuparua. Hitilafu ya umeme ilikuwa imefuta mipangilio ya seva zote tatu za kiwanda cha alizeti. Mizani haikupima, malori yalijazana getini, na nakala za mipangilio hiyo alizohifadhi kila Ijumaa kwa miaka mitatu hazikuwepo.

"Nani kafuta nakala zangu?"

"Mimi, binti yangu. Faili lile lile mara mia na hamsini, huo si uchafu? Nikabakiza la kwanza. Kifungua mimba lazima aheshimiwe."

"Mzee, hilo la kwanza linatafuta mashine tuliyoiuza mwaka juzi! La mwisho ndilo lililokuwa na kila kitu!"

"Sasa unanifokea mbele ya watu?"

"Watu gani? Wameshakimbia wote!"

Akambwagia kibodi mapajani. "Mabadiliko yote ninayo kichwani. Mimi nasema, wewe unaandika."

Raymond aliandika kwa kidole kimoja mpaka malori yakaanza kuingia. Kabla hajainuka, Aneth alishatuma nakala ya faili jipya Manyoni, kwa fundi mmoja mchafu asiyefuta hata vumbi.