Herufi Moja katika Kifungu cha Saba

TANGAZO. Inatangazwa kwa watu wote wenye shughuli katika Ofisi ya Biashara, Thika, ya kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe 4 Machi 1957, penseli ya umma iliyo mezani itafungwa kwa kamba yenye urefu wa futi moja na nusu. Ye yote atakayehitaji kuandika mbali zaidi ya hapo na aje na penseli yake. Kwa amri.

Nafuna alilisoma tangazo hilo mara mbili, kwa kuwa ukutani hapakuwa na kitu kingine cha kusoma na Bwana Afisa alikuwa bado anakunywa chai. Alikuwa ametoka Ruiru kwa treni ya asubuhi, amevaa viatu ambavyo kwa kawaida havikutoka ndani ila Jumapili, na mkobani alikuwa na nakala ya kanuni za Chama cha Wafanyabiashara Wadogo wa Ruiru. Alikuwa amekuja kudai tanuri lake.

Tanuri lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba yake, si mbali na stesheni ya Ruiru. Alilijenga kwa mikono yake mwaka wa 1951, kwa vipande vya matofali vilivyotupwa na kiwanda cha kahawa alikofanya kazi mumewe, na kwa udongo wa kichuguu, ambao haupasuki upesi kwa moto. Ufundi wa mkate aliupata katika jiko la mzungu mmoja upande wa Theta, kwa kutazama tu, maana hapakuwa na mtu aliyejali kumfundisha wala kumkataza. Miaka sita vibarua wa mashamba ya kahawa walikuwa wakipita kwake kabla ya kengele ya kazi, kila mmoja akiondoka na mkate wake kwapani.

Kisha serikali ikaamua kuwainua wafanyabiashara wadogo, na hatua yake ya kwanza ilikuwa kukataa kumsaidia mtu mmoja mmoja. Bwana Afisa alikuja Ruiru, akapanda juu ya sanduku la sabuni, akaeleza ya kwamba leseni, unga wa ngano kwa bei ya jumla, na kibanda katika soko la Thika vitatolewa kwa chama tu; na chama ni watu walioweka vyombo vyao vya kazi pamoja na kuandika kanuni. Nafuna akatoa tanuri. Jeconia Opiyo, fundi wa viatu, akatoa cherehani yake ya kushonea ngozi. Wanachama wengine kumi na wawili walitoa nia njema, ambayo haihitaji mahali pa kuhifadhiwa.

Kanuni ziliandikwa na Bedan, mwenye duka la chumvi na sabuni, ambaye alichaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko wake. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli. Kasoro yake ilikuwa moja, na haikuwa yake peke yake. Kikuyu, lugha ya mama yake, haina sauti ya *l*, na mwalimu wa misheni alikuwa amemcharaza kwa kila *r* iliyomtoka mahali pa *l*. Viboko hivyo havikumfundisha kuzitofautisha herufi hizo mbili; vilimfundisha kuiogopa moja. Aliposema, ulimi wake ulikwenda ulikozoea. Alipoandika, kila *r* ilimtia mashaka, na mara nyingi aliigeuza *l* ili awe salama. Aliwahi kumwandikia mchungaji barua ya kumshukuru kwa “ukalimu” wake.

Lakini Nafuna hakumwamini Bedan kwa ajili ya mwandiko. Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, Wakikuyu walipokatazwa kutembea bila pasi na kufanya biashara bila cheti, duka la Bedan lilifungwa. Nafuna, ambaye ni Mbukusu, mtu wa magharibi, alilifungua tena kwa jina lake mwenyewe. Kwa miezi kumi na mmoja aliuza chumvi ya Bedan na sabuni za Bedan, na kila Jumamosi alimpelekea Wamboi, mke wa Bedan, chote kilichopatikana. Bedan alipopewa cheti, Nafuna alimrudishia ufunguo siku ile ile.

“Mama Nerima,” Bedan alimwambia, kwani hivyo ndivyo alivyolitamka jina la binti yake, Nelima, “tangu reo mimi na wewe tumezariwa tumbo moja.”

“Kwa hiyo hata wewe sasa ni Mbukusu?”

“Ngoja kwanza niurize kama huko nako kunatakiwa cheti.”

Walicheka wote watatu, na Wamboi akaongeza sukari katika chai.

Kifungu cha saba cha kanuni ndicho kilichomfanya Nafuna akubali kulitoa tanuri. Bedan alikisoma kwa sauti mbele ya wanachama wote, na kila mtu alisikia kwamba mwanachama aliyetoa chombo cha kazi atakuwa na haki ya kura katika mkutano unaohusu chombo hicho. Hicho ndicho kifungu pekee kilichotaja kura; mambo mengine yote yangeamuliwa na kamati. Watu wakapiga makofi. Karatasi ikapelekwa Thika, ambako karani Kimeu aliipiga taipu kama alivyoikuta, na Bwana Afisa akaitia mhuri.

Mwezi wa Februari leseni ya kuoka mikate ilifika, ikiwa na nafasi ya jina moja tu. Nafuna alipata habari hizo nyuma ya nyumba yake, alipomkuta Simeon, kaka yake Wamboi, mchuuzi wa ngozi za mbuzi, akiupima mlango wa tanuri kwa kamba.

“Habari yako, mama.”

“Yangu njema. Habari ya mlango wangu?”

“Ni wa chama, mama. Napima nijue kufuri ya kutosha.”

“Umewahi kuoka nini, Simeon?”

“Kuoka si ni moto tu?”

Nafuna alikwenda moja kwa moja dukani. Bedan alikuwa akipanga miche ya sabuni kwenye rafu, na hakugeuka.

“Baba Njambi,” alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, “mmeandika jina la shemeji yako.”

“Si mimi, Mama Nerima. Ni kamati. Imeonerea reseni ikae kwa mtu wa hapa.”

“Mtu wa hapa. Na nilipokushikia duka lako, nilikuwa mtu wa wapi?”

“Mwaka ure ni mwaka ure.”

“Basi iteni mkutano. Kifungu cha saba kinanipa kura.”

Bedan alishuka kutoka kwenye kigoda, akatoa nakala mtotoni mwa meza, akaiweka mbele yake. “Soma wewe mwenyewe.”

Nafuna, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa amekisikia kifungu hicho tu, alikisoma. *Kila mwanachama aliyetoa chombo cha kazi atakuwa na haki ya kula katika mkutano unaohusu chombo hicho.* Alikaribia kucheka.

“Umekosea herufi, Baba Njambi. Andika r hapa, tutie sahihi, twende zetu.”

Bedan aliikunja karatasi bila kuitazama. Nafuna aliona wazi, kama aonavyo unga ulioumuka, kwamba Bedan alikuwa ameligundua kosa lake wakati fulani uliopita na alikuwa amekwisha kulizoea.

“Mimi sikosei herufi,” alisema.

Ndiyo maana Nafuna alikuwa Thika. Chai ya Bwana Afisa ilipokwisha, waliitwa ndani: Nafuna, Bedan aliyevaa koti, na Jeconia, aliyekuja kuwa shahidi na ambaye, tangu stesheni, alikuwa akimwambia Nafuna asiwe na wasiwasi, kwa kuwa hata mzungu anajua mtu hatoi tanuri ili apewe chakula. Kimeu aliketi pembeni tayari kuandika.

“Bwana,” alianza Jeconia kabla ya kuulizwa, “mimi nilitoa cherehani. Niliitoa ili nile? Kwangu nakula bila cherehani. Muulize mke wangu Aoko, atakwambia nakula kupita kiasi.”

“Mkeo hayumo katika shauri hili,” alisema Bwana Afisa kwa Kiswahili chake cha vitabuni. “Nataka kujua maana ya neno moja.”

“Bwana, neno linajulikana,” alisema Nafuna. “Aliyeliandika ni huyu. Nitamwuliza mbele yako, na jibu lake nitalikubali.”

Jeconia alimvuta kitambaa cha begani. “Dada, usiseme hivyo.”

Hakumsikiliza. Katika njia yote kutoka Ruiru alikuwa ameyapanga maneno yake akitumaini jambo moja: kwamba mtu anaweza kudanganya dukani kwake, akiwa na sabuni zake, lakini hataweza mbele ya watu, akitazamwa usoni na yule aliyemwekea duka hilo.

“Baba Njambi. Siku ile ulitusomea kura. Sote tulisikia. Uliandika kura, au uliandika kula?”

Bedan alimtazama Bwana Afisa, akamtazama Kimeu na kalamu yake. Kisha akanyanyua ulimi, akaugandamiza nyuma ya meno ya juu, taratibu, kama mtu anayeshusha kitu chenye kuvunjika.

“Niliandika kula,” alisema. “Nilikusudia kula. Waliotoa vyombo walistahili heshima ya chakula.”

Kila *l* ilikuwa safi. Katika miaka tisa ya ujirani Nafuna hakuwahi kumsikia akiitamka hata moja. Angeweza kumsamehe kosa. Alikuwa amekwisha kumsamehe tangu siku ile ya dukani. Lakini kazi hii ya ulimi ilikuwa na mazoezi ndani yake. Mtu huyu alikuwa amekaa mahali fulani, pengine nyumbani, pengine mbele ya Wamboi, akijifunza kumkana.

“Mama amesema atalikubali jibu,” alikumbusha Bwana Afisa.

“Nilisema hivyo nikidhani namwuliza ndugu yangu,” alisema Nafuna.

“Hilo nalo niliandike?” aliuliza Kimeu.

“La. Halimo katika shauri.”

Bwana Afisa aliifuta miwani yake, kisha akamsomea Kimeu maneno yafuatayo, ambayo yalipigwa taipu kwa nakala tatu na kutiwa mhuri mchana ule ule:

“Baada ya kuzisikiliza pande zote mbili, ofisi hii imeamua ya kwamba kifungu cha saba kisomwe kama kilivyoandikwa. Chama kitawapa wanachama waliotoa vyombo vya kazi chakula kisichozidi sahani moja kila mmoja katika kila mkutano unaohusika. Tanuri litabaki chini ya kamati. Hata hivyo, kwa kuwa ofisi hii inatambua ya kwamba mlalamikaji anaweza kuwa ameumizwa na kanuni hiyo, anaruhusiwa kuomba kifungu kirekebishwe katika mkutano mkuu wa mwaka, ambako ombi lake litakubaliwa au kukataliwa kwa wingi wa kura za wanachama wote ambao kanuni zimewapa haki ya kupiga kura.”