Faili Lenye Uzi Mweusi

Karani mkuu alilipokea faili kwa mikono miwili, kama alivyopokea kila kitu, akaligeuza mgongo kabla sijafungua mdomo. Akautazama uzi. Ulikuwa mweusi. Kisha akanitazama mimi juu ya miwani, na maneno niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha yakanitoka kichwani.

Mjukuu wangu ana mkataba wa mwaka mmoja katika ofisi ya vioo. Juzi alikaa jikoni kwangu akanisimulia jinsi anavyogusagusa mashine kila baada ya dakika chache ili isijizime, mkubwa wake asimwone amekaa bure. Saa nne asubuhi kazi ya siku nzima imekwisha. Alisema anachoka kuliko kama angekuwa anabeba mawe. Nikamwambia najua. Akacheka, akadhani namfariji, maana yeye ananijua kwa jembe na sufuria.

Niliishia darasa la nne. Nilisoma kwa kidole, neno moja moja. Kilichoniingiza masjala, chumba cha kuwekea mafaili katika ofisi ya viwanja, ni sindano. Wakati huo mafaili yalishonwa: karatasi hutobolewa pembeni, hupitishwa uzi uliopakwa nta, fundo hukaa mgongoni. Mume wangu alikuwa amekwenda mbali kutafuta kazi, na barua zake zilikuwa zimekoma. Watoto wawili walikuwa kwa mama mkwe, ambaye hakusema neno baya lakini alijua kuguna kwa sauti. Nikapewa mkataba wa miezi sita, meza na kiti. Sikuwahi kuwa na kiti ambacho mtu mwingine akikikalia ananiomba radhi. Karani mkuu akaniambia kwamba mwisho wa mkataba ataandika jina la mtu mmoja wa kuajiriwa moja kwa moja, na kwamba haoni kwa nini lisiwe langu.

Mafaili yaliyotakiwa kushonwa yalikuwa elfu mbili, yatoke ghala la zamani. Lori likaleta mia tatu. Mengine tuliambiwa yanakuja wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa kama upeo wa macho, unaufuata nao unakwenda.

Mimi nami sikuwa na akili ya ofisi. Nilishona kama mtu anayepalilia shamba lake na mawingu yametanda. Kwa wiki nne nikamaliza yote, karani mkuu akayakagua na kuyatia sahihi, na kibiringo cha uzi mweupe kikaisha siku hiyohiyo. Stoo wakanipa mweusi, kwa ajili ya mzigo unaokuja.

Mhudumu wa chai, tuliyemwita Dada Birika, alisimama mlangoni akanihurumia.

"Kazi ya mkataba ni pipi, shoga," alisema. "Inanyonywa, haitafunwi. Wewe umetafuna."

Ndiye aliyenifundisha kutembea ukumbini na faili kwapani, kwa sababu mwenye faili kwapani haulizwi aendako. Alinifundisha kupaka nta uzi ambao hautashona kitu, na kuchonga penseli mpaka ibaki ya kushikwa kwa kucha. Nilizihesabu mbao za dari: sitini na moja, na moja ilikuwa na ufa. Mchana ulikuwa mrefu kama kamba ya kisima. Sikuogopa uchovu. Niliogopa siku mtu atakapochungulia mlangoni, aione mikono yangu imelala juu ya meza, aulize huyu tunamweka wa nini.

Ndipo nikaanza kufumua. Nilichukua faili lililokwisha shonwa, nikakata uzi mweupe, nikalishona upya kwa mweusi. Moja kwa siku, kisha mawili. Nani atatazama mgongo wa faili lililotiwa sahihi? Mtu akipita alimwona mwanamke ameinama na sindano, akaenda zake ameridhika. Nami niliridhika, si haba. Jioni nilimwambia mama mkwe leo tumebanwa kweli.

Katika mwezi wa nne alikuja mkaguzi bila taarifa. Niliposikia viatu vyake nilifumua mafaili matatu kwa mpigo ili meza ijae. Feni ilikuwa inazunguka. Karatasi chache zikaruka, nikaziokota, nikazipanga kwa haraka huku nikitabasamu. Mkaguzi alisema masjala hii inafanya kazi. Nikalala vizuri.

Baada ya wiki mbili akaja mama mmoja fundi cherehani, utepe wake wa kupimia nguo bado unaning'inia shingoni. Jirani yake alikuwa ameanza kuchimba msingi ndani ya ua wake, penye kisima. Mwenyekiti wa mtaa alimpa mpaka Ijumaa alete mchoro wa kiwanja, la sivyo ukuta ujengwe. Faili lake lilipatikana, mchoro haumo. Akaja tena Jumanne, akaja Jumatano. Jumatano hiyo alisema mbele ya watu wote waliopanga foleni, kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, sema tu jirani yangu alikupa nini."

Karani mkuu alikuwa mtu ambaye hata penseli ya ofisi aliiacha mezani saa za kutoka. Alilichukua faili, akalifungia katika kabati lake la chuma, akamwambia mama yule arudi kesho. Nilimwona akijaribu funguo mbili kabla ya kuipata inayofaa, katika kabati alilolifungua kila siku kwa miaka kumi na minane.

Kisima ndicho kilichonigutusha. Niliwahi kukiona: duara dogo la wino kwenye pembe ya karatasi. Walipokwenda kula nilitoa mafaili mawili niliyoyafumua pamoja na lake siku ile ya feni. Katika la pili, ukurasa wa mwisho kabisa, kilikuwepo kisima, kimeshonwa kwa uzi wangu.

Dada Birika aliona jambo jepesi. Nifumue, niudondoshe mchoro nyuma ya rafu, kesho niuokote mbele ya watu, naye atashuhudia. Angeshuhudia vizuri pia, uongo aliujua kama kuchemsha maji. Nilishika sindano. Lakini nikawaza: ukiokotwa kesho, foleni yote itasema aliyeuficha ameogopa, ameutupa. Mama yule angepata ua wake, mimi ningebaki na kiti changu, na mzee wa watu angebaki na lile neno mpaka siku ya kuzikwa kwake.

Asubuhi nikalipeleka faili kama lilivyo.

"Hili nililitia sahihi mwezi wa kwanza," alisema. "Mwezi wa kwanza uzi ulikuwa mweupe."

"Ndiyo, mzee."

"Ulifumua kwa nini?"

"Sikuwa na kazi."

Alivua miwani. "Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeniacha kazini?"

Aliniuliza mangapi. Nikamwambia arobaini na moja. Akaagiza yote yakaguliwe ukurasa kwa ukurasa, na mimi nikae naye tukiyakagua. Ilikuwa kazi ya kweli ya siku tisa, na Mungu anisamehe, niliifurahia. Hatukukuta kosa jingine.

Mama fundi alipofika asubuhi ileile, karani mkuu alitaka kuanza kueleza, nikamtangulia. Nilimwambia ni mimi niliyeushona mchoro wake pasipo pake. Aliligeuza faili, akapitisha kidole gumba juu ya mishono.

"Mshono mzuri," alisema. "Ungekuwa wa hovyo ungefumuka wenyewe, nikauona Jumanne." Kisha akamgeukia karani mkuu, akasema, "Baba, lile neno nimelirudisha." Akaondoka na mchoro uliogongwa muhuri. Ukuta, nilisikia, haukujengwa.

Wiki tano zilizosalia nilikwenda kila siku. Nilipotaka kuchonga penseli karani mkuu aliniambia, bila ukali, niiache. "Kama kazi hakuna, hakuna. Kaa." Nikakaa, mikono juu ya meza, mlango wazi. Waliochungulia walichungulia. Siku za mwanzo uso uliniwaka. Baadaye nikazoea, na nikagundua kwamba ule ufa wa dari ulikuwa kivuli tu cha waya.

Jina lililoandikwa halikuwa langu. Siku ya mwisho aliniletea faili langu mwenyewe, akaniomba nilishone, kwa kuwa la mtumishi aliyemaliza huhifadhiwa. Ndani mlikuwa na barua yangu ya kuomba kazi, mkataba, na karatasi moja ya mkono wake. Niliisoma kwa kidole. Iliandikwa: *Mkataba umekwisha. Kazi haikutosha.* Niliigeuza nyuma, nikitafuta kosa langu. Hapakuwa na kingine.

"Uzi gani, mzee?"

"Chagua mwenyewe."

Nikachukua mweusi, nikaupaka nta, nikatoboa. Mishono mitatu. Faili la karatasi tatu halihitaji zaidi.