Aliyeshika Kamba Gatini

Mwezi wa Mei, mwaka 1982, Mwalimu Marsela alikuja nyumbani kwangu Qurus, wilaya ya Mbulu, akiwa amekumbatia kitabu kifuani. Mimi na mke wangu Lukresia tulikuwa tunapalilia maharage. Akasimama ukingoni mwa shamba akaita, "Shikamoo Mzee Wilibrodi! Kumbe tunaishi na mtu mkubwa na hatujui!"

Kilikuwa kitabu chembamba cha jalada la kijani, kilichochapwa Tanga. Kaka yake alifanya kazi kule, ndiye aliyemtumia. Kilieleza habari za mji ule wa bandari: Wajerumani na reli yao, vita vya mwaka 1914 ambamo nyuki waliwavamia askari, enzi ya mkonge, kisha watu mashuhuri wa mji, walimu, waimbaji wa taarabu, wachezaji mpira. Marsela alifungua ukurasa wa arobaini na moja akasoma kwa sauti, Lukresia akiwa ameegemea jembe.

"'Wilibrodi Hhando, karani kijana kutoka Mbulu, alirusha kamba tishari lilipopinduka gatini mwaka 1954, akaishikilia peke yake mpaka watu saba wakaokoka. Ni mmoja wa mashujaa wa bandari yetu.'"

Mke wangu alijiziba mdomo kwa kiganja. "Hukuniambia," alisema. "Miaka ishirini na tano ya ndoa, hukuniambia."

Alidhani ni unyenyekevu. Sikumwambia kwa sababu si mimi niliyeshika kamba ile.

Nilikwenda Tanga nikiwa kijana, na cheti cha shule ya misheni mfukoni. Siku hizo meli kubwa zilitia nanga mbali kidogo, na mizigo ilipelekwa kwa matishari, vyombo vipana vya chuma visivyo na injini, vinavyovutwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika marobota ya mkonge yanayopakiwa, na kusema basi tishari likijaa. Mlinzi wa gati letu alikuwa Mmasai wa Endulen, jina lake Kisioki. Sisi wawili tu ndio tuliotoka huku juu. Tulikuwa tunakaa kwenye kivuli cha ghala tukikumbushana baridi ya Ngorongoro, na alikuwa ananifundisha majina ya rangi za ng'ombe. Kwao zipo nyingi kuliko nilivyodhani.

Siku ile meli ilitaka kuondoka kabla jua halijazama. Bwana mkubwa wa kampuni alikuwa amenifokea mara mbili. Tishari lilishajaa, nami nikaruhusu marobota mengine yapangwe juu. Kisioki alitoka langoni kwake akaja mpaka ukingo wa gati.

"Karani," alisema, "maji yamekaribia mdomo. Chombo hiki kitalala."

"Wewe unajua ng'ombe," nilimjibu. "Rudi langoni kwako."

Makuli walicheka. Nilitaka wacheke.

Tishari lilipoanza tu kuvutwa, liliinama upande mmoja, marobota yakateleza, likalala ubavu na watu wanane wakaingia majini. Mimi nilikuwa na karatasi zangu mkononi. Nilizishika vizuri zisilowe. Hilo ndilo nililofanya. Kisioki hakujua kuogelea. Alinyakua kamba, akairusha, akaizungusha mara moja kwenye nguzo ya gati, ncha akajiviringishia mkononi. Watu wakaja nayo mmoja mmoja. Uzito ulipozidi, kamba ilimsagia vidole viwili kwenye ile nguzo, naye hakuiachia. Saba walitoka. Wa nane, kijana Msambaa aliyeitwa Shekue, alipatikana kesho yake chini ya marobota.

Kabla polisi hawajafika, bwana mkubwa aliniita ofisini. "Andika ilivyokuwa," alisema. "Nani aliruhusu mzigo ule?"

Niliandika kwamba mzigo ulikuwa wa kawaida. Niliandika kwamba mlinzi alifungua kamba ya tishari bila amri, ndiyo maana likayumba. Niliandika pia kwamba aliyerusha kamba ya kuokolea ni mimi. Bwana mkubwa alisoma, akanitazama kitambo, kisha akapiga muhuri. Maneno yale yalimfaa na yeye. Makuli walijua ukweli, lakini walikuwa vibarua wa siku na hakuna aliyewauliza. Mwezi uliofuata nilipandishwa cheo, na gazeti moja likaandika habari zangu.

Kisioki alikaa hospitali wiki tatu. Alipotoka alikuja kwenye dirisha la ofisi yangu, mkono ukiwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Karani, wanasema nimefukuzwa," alisema. "Kosa gani nimefanya? Wewe unajua kusoma. Niulizie."

"Nitakuulizia," nilisema.

"Asante, ndugu yangu." Akaenda zake stesheni, na sikumwona tena.

Sasa Mwalimu Marsela alitaka niende shuleni kwake Karatu. Nilijaribu kukataa, nilisema nina kikohozi, akasema atasubiri kipone. Siku ya Ijumaa walinikalisha mbele kwenye meza iliyotandikwa kitambaa. Katibu kata alikuwapo. Wanafunzi waliimba wimbo walioutunga wenyewe, wenye jina langu. Marsela akasema, "Mzee, watoto wanaomba kuona mikono iliyoshika kamba." Niliinyoosha. Ilikuwa imejaa sugu za jembe. Wote wakapiga makofi, na mimi niliendelea kuinyoosha mpaka walipomaliza.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilimweleza Lukresia yote tukiwa njiani. Hakunikatiza. Tulipofika kwenye korongo alisimama.

"Huyo Mmasai yu hai?"

"Sijui."

"Nenda ukajue," alisema, akatangulia kuvuka. Hakunisubiri.

Lori la kupeleka mahindi Endulen lilikuwa halina dizeli, nikangoja siku nne. Tangu watu wa hifadhi ya Ngorongoro walipokatazwa kulima, mahindi yao mengi yalitoka kwetu. Nilipanda juu ya magunia. Kwenye ukingo wa kreta ukungu ulikuwa mzito hata nisiione kofia ya jirani yangu, na nilitamani safari isifike. Ilifika. Karibu na hospitali ya misheni nilimuuliza mwanamke aliyekuwa anauza maziwa kama anamfahamu mzee Kisioki aliyewahi kufanya kazi pwani. Alicheka. "Mimi ni mke wake," alisema. Jina lake Nanyori. Akanipeleka bomani.

Kisioki alikuwa amekaa nje ya boma anachonga mpini. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vitatu.

"Sopai," nilimsalimu kwa Kimasai.

"Epa." Aliinua macho. "Karani! Umezeeka. Karibu, karibu."

Alifurahi, na furaha yake ilinichoma. Nanyori alileta chai ya maziwa, akaomba radhi kwamba sukari haipatikani. Niliiweka chini bila kuinywa, nikatoa kitabu alichoniachia Mwalimu Marsela, nikaanza kusema. Nilimweleza mzigo, karatasi, muhuri, gazeti. Aliniambia nimsomee ule ukurasa. Nikausoma. Akasema, "Tena." Nikausoma tena.

"Siku nilipokuja dirishani," alisema, "ulikuwa umeshaandika?"

"Nilikuwa nimeshaandika."

"Nami nikakuambia asante."

"Ndiyo."

Aliuweka mpini chini. Alisema kwa sauti ileile, bila kuipandisha:

"Nilipokuwa hospitali alikuja mama mmoja. Mama wa yule aliyekufa. Alisimama kando ya kitanda changu akaniuliza kwa nini nilimfungulia mwanawe kamba. Kiswahili changu kilikuwa kidogo. Nikamwambia, mama, mimi nilivuta. Akanitemea mate. Karani, nimekaa miaka yote hii nikijiuliza. Labda kuna kamba niliifungua, nikasahau. Nikiwa na ng'ombe malishoni naifikiria mikono yangu, naipitisha siku ile yote tangu asubuhi. Sikuiona hiyo kamba. Lakini nilisema, mama wa mtu hawezi kusema uongo juu ya mtoto wake."

Jambo hilo sikulijua. Nilidhani nimemwibia kazi na sifa tu.

"Nisamehe, Kisioki."

"Sijui bado," alisema. "Nenda kamwambie yule mama kwanza."

Niliporudi nilimwambia Marsela. Alikuwa anasahihisha madaftari. Aliiweka kalamu akaniuliza, "Kwa nini uliwaacha watoto wapige makofi?" Jumatatu nilisimama mbele ya wanafunzi wale wale nikasema ni nani aliyeshika kamba, na ni nani aliyejaza tishari. Hakuna aliyeimba. Kwenye kile kitabu cha kijani Marsela alilikata jina langu kwa wino, akaandika jina la Kisioki juu yake. Watu wa Karatu waliokuwa wananiita Mzee wa Bandari waliacha, na wengine waliacha hata kunisalimu. Niliwaandikia waliochapa kitabu. Walijibu kwamba watasahihisha wakipata karatasi. Mpaka leo hawajapata.

Mwezi wa Agosti nilipanda basi kwenda Tanga. Niliuliza mtaa kwa mtaa Ngamiani kwa siku mbili, nikaonyeshwa nyumba ya dada yake Shekue, Bi Mwanahawa. Nilipiga hodi nikaketi barazani kwake nikasema nililokuja nalo.

"Mama alikufa mwaka sitini na tisa," alisema. "Kila akiomba dua alimtaja yule Mmasai. Kwa ubaya. Miaka kumi na tano." Akanigeukia. "Na aliyejaza ni wewe."

"Ni mimi."

Alinyanyuka akaingia ndani. Nilidhani amenifukuza. Alirudi amejifunga kanga upya, uso ameunawa.

"Wewe sina la kukuambia sasa hivi," alisema. "Lakini yule mtu amelaaniwa bure na mama yangu. Nataka watu wa msikitini wamwombee, nimtoe katika maneno ya mama. Anaitwa nani, mwana wa nani?"

"Kisioki."

"Mwana wa nani?"

Sikujua. Tulifanya kazi pamoja miaka minne, tulikula pamoja, na sikuwahi kumuuliza jina la baba yake.

Nilirudi Endulen juu ya magunia kama mara ya kwanza. Nilimweleza Kisioki kwamba yule mama amefariki, na binti yake anaomba jina kamili. Alimwita Nanyori aje asikie. Kisha akasema polepole, akingoja niandike, "Kisioki, mwana wa Lengai." Aliniambia nimsomee nilichoandika. Nikamsomea. Aliichukua karatasi akaitazama ingawa hajui kusoma, akamkabidhi Nanyori naye aitazame, ndipo wakanirudishia.

Nilisubiri aseme neno jingine. Alisema lori linakaribia kuondoka, nisichelewe.